Mwongozo Kamili: Kufanya Paneli za Jua na Pampu ya Bwawa Zijiendeshe Zenyewe

Malalamiko ya wenye mabwawa ya nyumbani yanafanana mno. Paneli za jua za kupasha maji ziko juu ya paa, pampu mpya ya kasi inayobadilika imefungwa, kidhibiti kimeunganishwa na simu, lakini maji bado ni ya baridi. Au joto limepanda kidogo na bili ya umeme haijashuka hata senti. Au vali inageuka huku na huku kila baada ya dakika chache. Au bwawa linatoa viputo vya hewa mchana kutwa.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: mtu amekimbilia programu kabla ya kujua mfumo wake unahitaji kasi gani ya pampu. Hakuna programu inayoweza kukisia paa lako lina urefu gani. Ndiyo maana humu programu inakuja hatua ya saba. Kabla ya hapo tunapima, tunafunga, kisha tunaendesha kila kitu kwa mkono.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, yaani kama lita 45,000, katika nyumba ya Karen, Limuru au Tigoni, yaani Nairobi na jirani yake. Huko mwezi wa Juni hadi Agosti mawingu hutanda asubuhi nzima, jua huchomoza mchana, na usiku baridi hurudi. Aliye Arusha, Iringa au Mbeya anaweza kufuata hatua hizi hizi.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usianze kazi kabla vitu hivi havijafika vyote. Mfumo uliofungwa nusu, ukasubiri vali wiki tatu, huishia kuunganishwa kiholela.

Upande wa maji:
- Paneli za plastiki nyeusi zisizo na kioo, za kupasha maji ya bwawa
- Pampu ya kasi inayobadilika yenye viingilio vya kuamriwa kutoka nje
- Vali ya njia tatu na mota yake ya volti 24
- Vali mbili za kuzuia maji yasirudi nyuma
- Vali ya kuingiza hewa kwenye paneli
- Mita ya mtiririko wa maji na geji ya presha kwenye chujio
- Mabomba ya PVC ya presha, viungo na gundi yake
- Turubai la viputo la kufunika bwawa

Upande wa umeme:
- Bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo itakayokuwa kidhibiti chetu), na chaji nzuri ya volti 5
- Vihisi vitatu vya joto vya DS18B20, vile vya chuma visivyoingiza maji
- Rezista moja ya kiloomu 4.7
- Bodi ya relei (swichi zinazoamriwa kwa umeme) yenye relei nne
- Transfoma ya volti 24 za AC kwa ajili ya mota ya vali
- Swichi ya mtiririko
- Kisanduku kisichoingiza maji, cha daraja la IP65
- RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, na kinga ya radi
- Kipima wati

Vihisi vya DS18B20 vya bandia vimejaa sokoni. Nunua vinne ili kimoja kibaki cha akiba, na usiruke jaribio la ndoo katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya joto

Kupandisha lita 45,000 kwa nyuzi moja tu kunahitaji kama kilowati-saa 52 za joto. Iandike namba hiyo mahali unapoiona. Ndiyo inayokuonyesha kwa nini paneli mbili tatu haziwezi kufanya kitu.

Eneo la paneli liwe kati ya nusu na eneo zima la uso wa bwawa. Bwawa letu lina uso wa mita 32 za mraba, na tumechukua mita 24. Siku ya jua zuri, mita moja ya mraba hupokea kama kilowati-saa 5. Paneli zikikamata asilimia 60 ya hizo, tunapata kilowati-saa 72, yaani nyuzi 1.4 kabla ya kutoa joto linalopotea.

Hapo ndipo turubai linapoingia. Joto la bwawa hupotea zaidi kwa maji kugeuka mvuke, hasa usiku wenye upepo. Bwawa lisilofunikwa linaweza kurudisha angani karibu kila ulichovuna mchana. Pesa zikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua turubai, paneli zisubiri.

Kuhusu mwelekeo: sisi tuko karibu na Ikweta, lakini miezi ya baridi jua huwa upande wa kaskazini. Paa la kaskazini ni bora. Mahali ambapo asubuhi huwa na mawingu na jua hutoka mchana, kama Nairobi, paa la kaskazini-magharibi linafaa vilevile.

Umefaulu ikiwa: una namba tatu kwenye karatasi: lita za bwawa, mita za mraba za paneli, na nyuzi unazotarajia kwa siku ya jua.

## Hatua ya 2: Panga mabomba kwa mfuatano sahihi

Maji yafuate njia hii: skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu ya bwawa), pampu, chujio, vali ya kuzuia kurudi nyuma, vali ya njia tatu. Hapo njia zinagawanyika: moja inakwenda paneli, nyingine inakwenda bwawani moja kwa moja. Bomba linaloshuka kutoka kwenye paneli linapitia vali ya pili ya kuzuia kurudi nyuma, kisha linaungana na ile njia ya moja kwa moja. Mashine ya klorini inakaa mwisho kabisa, baada ya makutano hayo.

Kila kimoja kina sababu yake. Chujio linatangulia ili uchafu usizibe vijia vyembamba vya paneli. Vali ya kwanza inazuia maji ya paani kushuka kwa nguvu na kurudisha uchafu wa chujio bwawani pampu ikizimika. Mashine ya klorini inakaa mwisho ili maji yenye klorini kali yasipite kwenye paneli wala yasirudi kwenye pampu.

Paneli zenyewe ziingize maji kona ya chini na ziyatoe kona ya juu ya upande wa pili. Ukiingiza na kutoa upande mmoja, maji hupitia paneli za karibu na kuziacha za mbali zikiungua na jua bila kazi.

Vali ya kuingiza hewa ndiyo inayoruhusu paneli kumwaga maji pampu inaposimama. Bila hiyo, maji yanaposhuka huvuta paneli kwa ndani na kuzibana. Ifungwe mahali kitabu cha paneli zako kinapoagiza. Kama kinakupa uchaguzi, iweke kwenye bomba la kupanda, chini kidogo ya kilele. Hapo presha ni kubwa zaidi, na pampu itaweza kuishikilia ikiwa imefungwa kwa kasi ndogo. Uamuzi huo mmoja utakuokolea umeme kila siku.

Onyo: PVC ya kawaida hulegea kwenye joto kali, na paneli iliyokauka juani huwa ya moto sana. Maji ya kwanza kutoka humo yanaweza kuchoma. Watoto wasikae mbele ya matundu ya kurudishia maji mfumo unapowashwa mara ya kwanza.

Umefaulu ikiwa: ukigeuza vali kwa mkono maji yanapanda na kurudi, hakuna kiungo kinachovuja, na pampu ikizimwa unasikia hewa ikiingia paani huku maji yakishuka.

## Hatua ya 3: Linganisha vihisi, kisha vifunge mahali pake

DS18B20 inaweza kukosea kwa nusu nyuzi juu au chini. Viwili vikikosea kwa kupishana, tofauti inafika nyuzi moja nzima, na mfumo wetu wote unaamua kwa kuangalia tofauti. Hivyo vilinganishe kwanza.

Vifunge vihisi vyote pamoja kwa mpira, vizamishe kwenye ndoo ya maji ya kawaida, koroga, subiri dakika kumi. Andika kila kimoja kinasoma nini. Chukua kimoja kama kipimo, na vingine uviongezee au uvipunguzie kwenye programu hadi vyote vikubaliane. Rudia kwa maji ya vuguvugu. Kinachokataa kukubaliana kwenye ndoo zote mbili ni cha kutupa.

Sasa mahali pake:

Kihisi A, maji ya bwawa. Kiwe kwenye bomba kati ya pampu na chujio, kivulini. Kinasema kweli pampu ikiwa inazunguka tu. Maji yaliyolala bombani hufuata joto la chumba cha pampu.

Kihisi B, paa. Kibandike kwenye kipande kikavu cha paneli ile ile, kando ya paneli zinazofanya kazi, kwa mwinamo ule ule. Watu wengi hukifunga kwenye paneli yenyewe. Maji yakipita yanakipoza, kidhibiti kinadhani jua limeondoka, kinazima, paneli inapata moto, kinawasha tena. Ule ugonjwa wa vali kugeukageuka mara nyingi huanzia hapa.

Kihisi C, maji yanayorudi. Kiwe kwenye bomba la kushuka kutoka kwenye paneli, kabla ya makutano. Kihisi B kinakisia faida. Hiki ndicho kinachoipima.

Vihisi vyote vitatu vinatumia waya mmoja wa data, na rezista ya kiloomu 4.7 inakaa kati ya data na volti 3.3. Pitisha waya kutoka kihisi hadi kihisi kwa mstari mmoja. Ukitoa matawi matatu marefu kutoka kwenye kisanduku, vihisi vitakuwa vinapotea na kurudi.

Umefaulu ikiwa: usiku, pampu ikizunguka na vali ikielekea paani kwa muda, A na C vinakaribiana sana. Mchana wa jua B kinapanda juu ya A kwa nyuzi nyingi.

## Hatua ya 4: Funga mota ya vali ili ikosee upande salama

Mota nyingi za volti 24 zina nyaya tatu: mmoja wa pamoja, mmoja wa kwenda upande huu, mmoja wa kwenda upande ule. Zina swichi ndani zinazokata zenyewe zikifika mwisho. Kwa hiyo relei moja ya njia mbili inatosha.

Waya wa njia ya moja kwa moja uunganishe kwenye pini ya relei inayofungika relei ikiwa imelala. Waya wa paneli uende pini ya pili. Faida yake ni kwamba ESP32 ikifa au ikijiwasha upya, relei inalala na vali inarudi yenyewe kwenye njia ya kuchuja. Hakuna programu inayohitajika kwa usalama huo.

Kabla ya kufunga mota, geuza mkono wa vali polepole na uangalie ulimi wake. Katika safari ya nusu duara, ulimi haupaswi kupita mbele ya tundu la kuingilia maji hata kwa sekunde. Ukipita, pampu inasukuma ukuta, presha inaruka, na viungo vinapasuka. Katikati ya safari njia zote mbili ziwe wazi kidogo.

Umefaulu ikiwa: geji ya presha hairuki vali inapogeuka, na ukichomoa ESP32 vali inarudi njia ya moja kwa moja ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 5: Umeme wa pampu ni kazi ya fundi mwenye leseni

Maji, chuma na volti 240 havisameheani. Kenya mafundi umeme hupewa leseni na EPRA, Tanzania na EWURA, mamlaka zinazosimamia nishati. Mwambie akuonyeshe leseni, na umtake afanye mambo matatu: RCD ya miliampea 30 ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha pampu, waya wa ardhi unaounganisha vyuma vyote vya bwawa, na swichi kubwa ya kukata umeme unayoifikia bila kupita majini. Ukikuta RCD inakata ovyo baada ya pampu mpya kufungwa, usikubali fundi aiondoe. Mara nyingi ni aina isiyolingana na elektroniki za pampu.

Kazi yako wewe ni nyaya za amri. Pampu nyingi za kasi inayobadilika zina viingilio vidogo vya kuchagua kasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na kusimama. Vingi huhitaji mguso mtupu, yaani relei inaunganisha nyaya mbili bila kuleta umeme wowote. Soma kitabu kabla ya kugusa. Ukipeleka volti 240 kwenye kiingilio cha namna hiyo, bodi ya pampu imekwisha.

Baadhi ya pampu huongea kwa RS-485, njia ya kutumiana data kwa waya, na hapo unaweza kuamuru kasi yoyote na kusoma wati. Ni raha ikifanya kazi, lakini kila kampuni ina lugha yake. Kwa anayefunga mara ya kwanza, relei za mguso ndizo ninazozipendekeza.

Usiwashe na kuzima pampu kwa kukata umeme wake mkuu kila siku. Iache na umeme, iamuru kwa viingilio. Mashine ya klorini nayo ipitie swichi ya mtiririko. Ile inayotengeneza klorini kutoka kwenye chumvi ikifanya kazi bila maji kutembea hukusanya gesi ya haidrojeni ndani yake, na gesi hiyo hulipuka.

Kisanduku cha ESP32 kisikae chumba kimoja na madebe ya asidi na klorini. Mvuke wake hula shaba, na bodi haimalizi msimu.

## Hatua ya 6: Tafuta kasi yako, kwa mkono

Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua kama utafaidi.

Kwanza sababu. Kasi ya pampu ikishuka, mtiririko hushuka kwa kiwango hicho hicho, lakini umeme hushuka kwa kasi kuzidishwa mara tatu kwa yenyewe. Pampu inayokula wati 1,100 kwenye mizunguko 2,900 kwa dakika, ikishushwa hadi 1,450 ingetakiwa kula kama wati 140. Kwa mizunguko 2,000 ni kama wati 360. Uhalisia huwa juu kidogo, kwa sababu kimo cha paa hakipungui unapopunguza kasi.

Kimo hicho ndicho mtego. Mtu anasoma hesabu hiyo, anafurahi, anaweka 1,450 siku nzima. Maji hayafiki juu kwa presha ya kutosha, vali ya hewa inafunguka, na hewa inaanza kushuka pamoja na maji. Bwawa linatoa viputo, paneli nusu zimejaa, joto halipandi.

Chagua siku ya jua, kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, chujio likiwa limeoshwa. Kisha:

1. Geuza vali kwenda paneli, weka pampu kwenye kasi ya juu, subiri viputo viishe kabisa bwawani. Kwa kawaida ni dakika mbili hadi tatu. Andika muda huo.
2. Shusha kasi kwa mizunguko 100. Subiri dakika tano. Andika mtiririko, wati, na tofauti ya C na A.
3. Endelea kushusha hivyo hivyo hadi viputo virudi. Hapo umegusa sakafu ya mfumo wako.
4. Panda juu mizunguko 200 kutoka sakafu hiyo. Hiyo ndiyo kasi yako ya jua.

Hizo 200 ni nafasi ya kuvumilia chujio likichafuka. Ukiweka kasi sakafuni kabisa, mfumo utafanya kazi wiki moja, kisha viputo vitarudi na utaanza kuilaumu programu.

Angalia pia mtiririko. Paneli za aina hii huhitaji kama lita 4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 24 ni lita 96 kwa dakika. Ikiwa kasi yako inatoa pungufu sana ya hapo, ipandishe hata kama viputo havipo.

Sasa neno kuhusu maji yanayorudi, maana watu wengi wanadanganyika hapa. Ukiweka mkono kwenye tundu la kurudishia ukasikia maji ya moto, hiyo ni dalili mbaya. Jua kali likipiga mita 24, na paneli zikikamata asilimia 70, unapata kama kilowati 17. Kwa lita 96 kwa dakika, maji yanapaswa kurudi yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi 2.5 tu. Mkono unasikia vuguvugu, basi. Maji yakirudi na nyuzi 8 au 10 zaidi, yanapita polepole mno, paneli zimekuwa za moto, na upepo unachukua joto lako kabla halijafika bwawani.

Mwisho wa kazi hii tafuta kasi ya pili, ya kuchuja bila paneli. Geuza vali kwenye njia ya moja kwa moja na ushuke hadi pale skima inapovuta majani kwa uvivu na swichi ya mtiririko bado imeshika. Ongeza kidogo.

Umefaulu ikiwa: una kasi tatu zilizoandikwa ukutani kwenye chumba cha pampu. Kwa mfano wetu: kujaza 2,900, jua 2,100, kuchuja 1,300. Zako zitatofautiana.

## Hatua ya 7: Andika kanuni kwenye ESP32

Tumia ESPHome, programu ya kuandikia ESP32 kanuni, na ukipenda unganisha na Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, ili uone grafu kwenye simu. Lakini kanuni zenyewe ziishi ndani ya ESP32. Umeme na intaneti hukatika, na bwawa halipaswi kusubiri waifai irudi ndipo lijue jua limezama.

Kwa pini, tumia 4 kwa vihisi, na 25, 26, 27 na 33 kwa relei. Epuka 0, 2, 12 na 15, kwa kuwa zinahusika wakati bodi inawaka na relei zinaweza kuruka. Pini 34 hadi 39 haziwezi kutoa amri. Relei zote ziwekwe zianze zikiwa zimelala.

DS18B20 ikipoteza umeme kidogo husoma 85 kamili. Chuja namba hiyo, vinginevyo kidhibiti kitaona paa lina nyuzi 85 usiku wa manane na kuwasha paneli.

Kanuni ni hizi:

Kuwasha jua. B ikiwa juu ya A kwa nyuzi 6 au zaidi, dakika 5 mfululizo, na A iko chini ya 28.5, na ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Kwenye programu saa hizo huandikwa 09:00 na 17:00. Wengi hujisahau wakaandika 03:00.

Mfuatano wa kuwasha. Pampu kwenye kasi ya kujaza kwa sekunde 30. Geuza vali. Subiri ule muda ulioandika katika hatua ya sita, ongeza dakika moja. Shuka kwenye kasi ya jua.

Kuzima jua. Lolote kati ya haya likitokea: B inazidi A kwa nyuzi 2 au pungufu kwa dakika 10; C inazidi A kwa chini ya nyuzi 0.7 kwa dakika 10; A imefika 29; saa 11 jioni imegonga.

Mfuatano wa kuzima. Vali irudi kwanza, kisha kasi ishuke. Ukishusha kasi kwanza, viputo vinajaa.

Mapumziko. Baada ya kuzima, dakika 15 zipite kabla ya kuwasha tena. Wingu moja lisiamshe mota ya vali.

Kupima. Pampu ikiwa imelala mchana, iamke kila saa kwa kasi ya kuchuja, dakika 5, ili A isome maji ya kweli.

Deni la kuchuja. Bwawa la lita 45,000 lipite kwenye chujio mara moja kwa siku. Jua likifanya kazi saa 5 kwa lita 96 kwa dakika, lita 28,800 zimeshapita. Zinazobaki, lita 16,200, zimalizwe kwa kasi ya kuchuja. Kwa lita 70 kwa dakika ni karibu saa nne. Watu wengi huacha ratiba ya zamani ya saa nane ikiendelea juu ya saa za jua, ndiyo maana bili haishuki.

Hitilafu. Kihisi A au B kikipotea, vali irudi njia ya moja kwa moja na pampu ichuje kwa saa tu. Swichi ya mtiririko ikikosa maji kwa dakika 3, pampu isimame na simu ipate ujumbe.

Umefaulu ikiwa: ukizima kipanga waifai chako asubuhi, jioni unakuta mfumo umefanya siku yake yote kama kawaida.

## Hatua ya 8: Ujaribu bila kusubiri jua

Fanya jaribio hili jioni, huku chini, kabla ya kupandisha kihisi B paani kwa mara ya mwisho. Badilisha saa za ruhusa kwa muda.

Tumbukiza B kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Dakika 5 zipite, pampu ipande, vali igeuke, kasi ishuke. Kama C inazima mfumo kabla hujamaliza, ilemaze kanuni yake kwa muda. Kisha hamishia B kwenye maji ya bomba. Dakika 10 zipite, vali irudi, kasi ishuke. Mwishowe chomoa B kabisa na uone kama kanuni ya hitilafu inashika.

Baadaye kata umeme wote mfumo ukiwa katikati ya kuwasha, urudishe. Vali iwe njia ya moja kwa moja, pampu ianze na kasi ya kujaza, bila wewe kugusa kitu. Umeme wa kwetu utakuletea hali hiyo mapema, kwa hiyo afadhali uione leo.

## Dalili na tiba

Viputo havikomi. Kama ni kwenye jua tu, panda mizunguko 100 na uoshe chujio. Kama ni hata kwenye njia ya moja kwa moja, hewa inaingia upande wa kuvuta: kifuniko cha pampu au kina cha maji kwenye skima.

Vali inageuka mara nyingi. Angalia B kimefungwa wapi, kisha urefushe mapumziko.

C na A havitofautiani na jua ni kali. Vali haigeuki hadi mwisho, au paneli hazijajaa.

Joto linapanda mchana na kupotea lote usiku. Turubai.

Geji ya presha inachanganya. Pampu ya aina hii hubadilisha presha kila inapobadilisha kasi. Andika presha ya chujio safi kwenye kasi ya kujaza, na linganisha kwenye kasi hiyo hiyo kila mara. Ikizidi kwa nusu baa hadi 0.7, osha chujio.

Kila mwezi panda paani uone kama kihisi B bado kimeshika na hakina vumbi, vuta nyaya kidogo kwenye kisanduku, na rudia mtihani wa viputo kwenye kasi ya jua.

## Ukiwa Mombasa, Dar au Unguja

Huko tatizo huwa kinyume: miezi ya joto bwawa linafika hali ya supu na klorini inaisha haraka. Mabomba na vihisi ni vile vile. Geuza kanuni: saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, B ikiwa chini ya A kwa nyuzi 4, peleka maji paneli, na usimamishe pale C inapoacha kuwa chini ya A kwa nusu nyuzi. Turubai liondolewe usiku huo. Anga likiwa safi, paneli zitatupa joto juu, na kasi ya jua uliyoipata katika hatua ya sita inabaki ile ile.